Nani Alimletea Mama Ugonjwa

Bondeni, Nakuru
Jumatatu, 24 Januari 2022

Kaka Sitati,

Umezima simu tangu Krismasi, kwa hivyo nimeamua kukufuata na kalamu. Barua hii nimempa Kipsang, dereva anayetuletea viazi vyako, na nimemwambia asikuachie kwenye kaunta ya duka na kutoroka. Asimame hapo mpaka uifungue. Kama bado amesimama, mpe chai.

Kwanza asante. Viazi vilifika, maziwa yalifika, na ile kabeji kubwa Mama aliizungusha nyumba zote za laini yetu kama mtoto mchanga. Halafu akaiweka mezani, akaiangalia, akasema, "Kabeji imekuja. Mwenye kabeji je?"

Mama amepona, kaka. Nitakuandikia kwa herufi kubwa: AMEPONA. Anaenda sokoni na miguu yake, anapumzika mara moja tu pale kwa fundi wa viatu, na Jumapili anaimba na akina mama wenzake mpaka namhurumia yule anayekaa mbele yake. Sasa anataka tufanye maombi ya shukrani hapa nyumbani, Jumamosi tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi. Pasta ameambiwa, hema la kanisa tumepewa, mbuzi amepatikana. Lakini amekata maneno: bila mtoto wake wa kwanza hakuna shukrani, na mbuzi arudi kwao.

Kuna jambo lingine. Nimelizungusha kichwani wiki nzima, nikuambie au ninyamaze. Mama anadhani unamwogopa. Miezi saba hujakanyaga hapa, wewe uliyekuwa unakuja kila mwisho wa mwezi! Unakumbuka alipotoka hospitali vile watu walimkimbia, hata wa kanisani wakisimama mbali na kupunga mkono. Anadhani na wewe ni hivyo. Juzi ameniambia, "Wewe unafanya kazi na hao madaktari. Niandikie karatasi yenye muhuri, iseme siambukizi mtu tena, tumpelekee Sitati." Haki nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Mimi bado niko kwa ule utafiti. Kazi ni ile ile: mtu akipatikana na korona, mimi na Sista Wariara tunaenda kwake, tunapitisha kijiti puani mwa kila mtu wa nyumba hiyo, na tunarudi tena na tena kuona imeruka kwa wangapi. Hivyo ndivyo tunalinganisha hizi aina zake. Ile Alfa ya mwanzoni mwa mwaka jana ungekuta nyumba ya watu sita ameshikwa mmoja, pengine wawili. Delta ilipofika katikati ya mwaka tukawa tunakuta nusu ya nyumba. Na hii Omikron ya Desemba, wueh! Unabisha Jumatatu kwa mgonjwa mmoja, Alhamisi nyumba nzima inakohoa, na mwenye nyumba anakuuliza kama ni wewe umeileta. Tunashukuru tu kwamba wengi wanapita nayo kama mafua.

Sema utakuja. Neno moja linatosha, Kipsang ana mfuko.

Dada yako anayekungoja,
Edinah


Olenguruone
31 Januari 2022

Edi,

Kipsang amekunywa vikombe viwili na kula chapati zangu zote, kwa hivyo barua yako imefika vizuri.

Pale ulipoandika kuhusu Mama kuimba nimepasoma mara nne. Mungu ni mwema. Huku baridi inakata masikio, ng'ombe wa mzee Jonah wameshikwa na kikohozi, na hapa dukani kwangu watu wanapanga foleni ya dawa za mifugo tangu asubuhi. Lakini sitakudanganya eti ni kazi.

Siji. Na umwambie Mama simwogopi hata kidogo.

Wacha nikukumbushe, maana naona umesahau. Ile Ijumaa, tarehe 18 Juni, nilifika hapo nikikohoa. Nikasema ni baridi ya huku milimani Mau. Mama akasonga ugali, na unajua vile sisi wawili hula: sahani moja, tangu nikiwa mdogo, kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama na hataki kusikia nimepakuliwa peke yangu. Tukala hivyo, vichwa vimekaribiana, mimi nikikoholea kiwiko nikidhani nimefanya la maana. Jumatatu kipimo kikasema ninayo. Jumatatu hiyo hiyo Mama akaanza kutetemeka. Jumamosi akawa kwa oksijeni.

Siku hiyo nilitoroka karantini nikaja kusimama ng'ambo ya barabara, nje ya hospitali. Ukanipigia kelele kutoka getini, mume wako Odero akiwa hapo na akina mama wa kanisa wakisikia: "Ni wewe umemletea!" Sikulaumu. Wewe ndiye unayejua kazi hiyo, na ulisema ukweli.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Siku ya nne ya oksijeni, nikiwa kwa kile chumba cha karantini mlichonifungia, nilipiga magoti saa saba mchana. Nikamwambia Mungu: mwache huyu mama aishi, na mimi nitakaa mbali naye maisha yangu yote, nisimletee tena kitu kibaya. Siku ya tisa wakamtoa mpira puani. Mungu alitimiza upande wake, Edi. Mimi nitavunja wangu na uso gani?

Kwa hivyo hayo ndiyo maombi yangu ya shukrani, kukaa huku. Hizo kabeji ni zake, azile. Na usimwambie lolote kati ya haya.

Sitati


Bondeni
Jumatano, 9 Februari 2022

Kaka,

Keti. Kama kuna mteja, mwambie arudi kesho.

Unakumbuka Sista Wariara alikuja nyumbani siku ulipopatikana nayo, akatupima wote, na akaendelea kuja? Alikuja yeye kwa sababu mimi sikuruhusiwa kupima watu wa kwangu. Zile sampuli ziliwekwa kwenye friza, halafu zikapelekwa maabara kubwa ambako wanakisoma kirusi cha korona herufi kwa herufi wajue ni cha aina gani. Imechukua miezi. Jana majibu ya nyumba za Juni yamerudi, na yetu imo.

Sitati, wewe ulikuwa na Alfa. Mama alikuwa na Delta.

Soma tena. Ni aina mbili tofauti! Alfa haigeuki kuwa Delta njiani kati ya sahani na mdomo. Nimemuuliza Sista mara tatu mpaka akanikemea. Ile yako haikumgusa mtu. Tulikuwa watano ndani ya nyumba, na Alfa yako iliishia kwako. Hiyo nyingine ilikuwa imeshaingia yenyewe, ikatuchukua Mama, mimi na mtoto wangu Valarie, ikamwacha Odero peke yake akitupikia uji wa mabonge.

Unaona sasa kwa nini tunahesabu? Siku zile Alfa na Delta zilikuwa mjini pamoja, kikohozi kile kile, homa ile ile, na hakuna mtu ambaye angezitofautisha kwa macho. Lakini moja iliingia kwetu ikatulia, na nyingine ikaruka kitanda hadi kitanda.

Si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja. Nilikukosea pale getini, mbele ya watu, na naomba unisamehe. Njoo nyumbani. Ile ahadi ulimpa Mungu kwa sababu ya kosa ambalo hukufanya.

Nimelia leo mpaka Valarie akaniletea maji.

Edinah


Olenguruone
14 Februari 2022

Edi, dada yangu,

Nilifunga duka. Saa tano mchana, siku ya soko, nilifunga duka nikapanda hadi pale juu kwenye majani chai, nikakaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa. Mzee Jonah alinipata hapo. Akaniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, mzee, hakuna mtu amekufa! Akaondoka akitikisa kichwa.

Asante. Asante sana, wewe na Sista na hao watu wa friza ambao hata hawanijui. Mniombee nipate maneno, kwa sasa sina.

Lakini mimi ni mtu wa ng'ombe, na unajua tabia yetu. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia boma, hatulali mpaka tujue ulianza na ng'ombe gani. Kwa hivyo nimechukua karatasi. Wenye Delta ni Mama, wewe na Valarie. Mama alianza Jumatatu tarehe 21. Wewe ulituambia ulianza kukohoa Alhamisi tarehe 24, baada yake. Na Mama hakuwa ametoka nje wiki mbili kwa sababu ya goti. Amebaki Valarie, ambaye hakukohoa hata kidogo, na ambaye alikuwa anatoka shuleni kila jioni na kuruka mapajani mwa nyanya yake.

Ni mtoto, basi. Miaka tisa.

Edi, nakuomba kwa jina la baba yetu, asijue. Nimebeba kitu hicho miezi saba nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, na kimenilaza chini. Mtoto atakibeba vipi? Kama kuna karatasi yenye jina lake huko kwenu, ichomeni. Afadhali watu waendelee kusema ni mjomba wake. Mimi nimeshazoea.

Kuhusu kuja, sijui. Sijui Mungu anaichukuliaje ahadi ya mtu aliyekosea hesabu. Nilisema "maisha yangu yote", sikusema "mpaka majibu yarudi". Nipe siku nifikirie.

Sitati


Bondeni
Jumanne, 22 Februari 2022

Kaka Sitati,

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne nimezitia jikoni.

Si Valarie. Ni mimi.

Nilianza kukohoa Alhamisi tarehe 17 Juni, siku moja kabla wewe hujafika. Kifua kikavu, kichwa kizito. Nikajiambia ni vumbi la Nakuru, si unajua vile hutuletea kikohozi kila mwaka. Nilikuwa nimetoka kupima nyumba tatu wiki hiyo, na nikikaa na ukweli, nilijua. Moyoni nilijua. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na anayekohoa anakaa nyumbani siku kumi na nne, na mwenzangu mmoja alikaa hivyo na akarudi akapata kiti chake kina mtu. Nikameza dawa ya maumivu nikaenda kazini. Jioni nilimkanda Mama goti, kama kila siku, uso wangu ukiwa hapa na wake hapa.

Halafu ukafika wewe na kikohozi chako kikubwa cha kusikika hadi barabarani. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipumua. Nikasema sasa kuna aliyeanza.

Majibu yangu yalipokuja, Sista akanipa fomu nijaze siku ya dalili ya kwanza. Swali hilo nimewauliza watu wa nyumba zaidi ya mia, na kila mara nawaambia: usione haya, sema siku ya kweli, tarehe ndiyo inayotuonyesha njia. Mimi nikaandika 24. Na siku mbili kabla ya kujaza fomu hiyo nilikuwa nimekupigia zile kelele pale getini. Nilizipiga kwa nguvu hivyo kwa sababu nilikuwa najisikia mwenyewe.

Ningenyamaza milele, Sitati. Hata tarehe 9 nilipokuandikia nilidhani nimeponyoka: nikuondolee mzigo, na wangu nibaki nao kimya kimya. Kisha nikaiona orodha ya nyumba yetu ofisini. Wanapanga watu kwa tarehe na kwa nani alikuwa akitoka nje. Na kwa tarehe zangu za uongo, kompyuta ilikuwa imeandika wa kwanza: "Mtoto, msichana, miaka 9." Siku hiyo hiyo barua yako ikafika, na wewe umepiga hesabu ile ile.

Nimeenda kwa Sista Wariara. Nimemwambia yote. Akaitoa fomu, akanipa kalamu nyekundu, akaniambia nikate mwenyewe, niandike ile ya kweli na niweke sahihi. Nikaandika 17. Akasema, "Tunalinganisha aina tatu za ugonjwa kwa tarehe za watu, Edinah. Ukidanganya siku saba, Delta yetu inaonekana kama imetembea na miguu ya mtu mwingine." Nimesimamishwa wiki mbili. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema asante kwa kurudi. Sikutarajia hilo.

Mama sijamwambia. Nitamwambia vipi? Kila jioni ananiombea kwa Mungu kwa jina, "Edinah aliyeniuguza".

Ukitaka kunipigia kelele, washa simu. Nitashika.

Edinah


Olenguruone
28 Februari 2022

Edinah,

Nilikasirika. Siku mbili nimeuza dawa za kupe nikiwa nimekasirika, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama amenikosea. Miezi saba, Edi! Krismasi nilikula peke yangu na redio. Hayo niliyaandika kwenye karatasi nyingine, na sitaituma.

Leo nimekumbuka kitu kingine na kimenikalisha chini. Jumamosi ile Mama alipozidiwa, mimi nilisema kwa simu apewe tangawizi na ndimu. Odero akasema tungoje Jumatatu. Wewe ndiye uliyemwekea kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni, ukaona themanini na mbili, ukasema hatungoji kitu, na ukambeba wewe mwenyewe na homa yako, mpaka barabarani. Daktari alisema siku moja zaidi na tungekuwa tunaongea habari ya jeneza. Mama yuko kwa ajili ya mikono yako. Kwa hivyo kama unataka kuhesabu, hesabu na hiyo. Mimi nakushukuru, na nimekusamehe kabla sijamaliza kukasirika.

Sasa mwambie. Si kwa ajili yangu. Mama hawezi kuwa anamshukuru Mungu nusu nusu mbele ya watu wote hao.

Kuhusu ahadi yangu nimeuliza huko juu na sijajibiwa. Nimetuma viazi vya wageni.

Ndugu yako,
Sitati


Bondeni
Jumapili, 6 Machi 2022

Sitati mwanangu,

Naandika mwenyewe, usidhani Edinah amenishikia kalamu. Nilifundisha shule ya Jumapili miaka ishirini, herufi bado ninazo.

Dada yako ameniambia. Alipiga magoti pale jikoni, nikadhani anatafuta kijiko kilichoanguka. Akasema yote, ya vumbi, ya fomu, ya getini. Kisha akasema na ya kwako, uliyomkataza, kwa sababu amechoka na siri, na amefanya vizuri. Nikamwambia ainuke, sufuria inaungua. Tulikula. Baada ya kula ndipo nililia, na nilipomaliza nikamwambia kikohozi hakimwulizi mtu jina, lakini uongo wake ulininyima mtoto miezi saba, na hilo ndilo la kuniomba msamaha. Ameniomba. Nimempa. Yameisha.

Na wewe sasa.

Ati ulikaa na Mungu ukapatana naye juu yangu? Uliniuliza? Nilikuwa pale pale, nina mpira puani, nina masikio! Ninyi wawili mmeandikiana tangu Januari, mnatafuta ni nani aliyeniua, kwa Alfa na Delta na tarehe, na mimi niko hapa nawasha moto. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba sikufa.

Nikuambie nilichokiomba mimi. Siku ya nne hiyo hiyo, unayoisema, nilikuwa siwezi kuomba kwa maneno, hewa ilikuwa haitoshi neno zima. Kwa hivyo nilikuwa napumua jina. Nikivuta, Sitati. Nikitoa, Edinah. Nikivuta, Sitati. Siku nzima hivyo, na nesi akadhani naweweseka. Nilikuwa namwomba Mungu anirudishe kwenu nyote wawili, si kwa mmoja na gunia la viazi. Akanisikia. Basi kama yako na yangu zilifika kwake siku moja, jua ni ya nani iliyopokelewa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kitandani.

Kwa hivyo ahadi yako nimeirudisha. Nimemwambia leo kanisani, taratibu, kwamba mtoto wangu alisema bila kufikiri, kama kawaida yake, na kwamba namshukuru kwa kuniachia watoto wawili wapumbavu walio hai. Nilipotoka kanisani kifua kilikuwa chepesi.

Ni Jumamosi, saa nne. Njoo ukohoe, njoo upige chafya, njoo na chochote ulicho nacho. Na usipokuja, Jumapili nitapanda mwenyewe huko Olenguruone, na goti hili na kifua hiki, kwenye hiyo baridi yenu. Nikishikwa na homa huko, basi hapo mwanangu itakuwa ni wewe, na hakutahitajika maabara.

Mimi mama yako, mzima,
Truphosa